Maji ya Kupimiwa

Tabora, 4 Februari 2025

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Natumaini wifi na Majidi hawajambo, na ziwa linawapa riziki. Huku mvua zimeshika. Watu wa Usinge wameniletea asali ya mwisho wa msimu kabla barabara haijawa tope, ndoo arobaini na moja, na mbili nimewarudishia kwa sababu zilikuwa na maji. Walinuna. Nikawaambia wapeleke kwa asiyejua kuonja.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Jumapili ulinikatia nikiwa bado nazungumza. Barua huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini mpaka uichane utakuwa umeshasoma mistari miwili.

Shangazi Yasmini amekupigia akakwambia kwamba Mama amekauka damu kwa sababu namnyima chakula na maji, na kwamba supu anazoletewa nazinywa mimi. Na wewe, kaka yangu wa tumbo moja, hukuniuliza. Umetangaza kikao cha ukoo baada ya Idi ili Mama aondolewe kwangu aletwe Ujiji.

Basi sikia upande wangu.

Moyo wa Mama umechoka. Hilo unalijua tangu mwaka jana. Usilolijua, kwa sababu hujakanyaga hapa tangu arobaini ya Baba, ni kwamba figo nazo zimefuata. Moyo hausukumi, figo hazichuji, kwa hiyo maji anayokunywa hayana njia ya kutoka. Yanashuka miguuni, yakijaa huko yanapanda kifuani. Daktari Mahona amesema lita moja na robo kwa siku, pamoja na chai, uji na maji ya kumezea dawa. Kila asubuhi naijaza chupa ya asali mpaka kwenye alama, tena mbele ya macho yake. Anachokunywa kinatoka humo. Ikiisha, imeisha. Na kabla ya chai anapanda mizani ya dukani, ileile ninayopimia ndoo, kwa sababu uzito ukipanda ghafla ni maji, si unene. Leo ana kilo hamsini na nane.

Sasa hizo supu. Mgonjwa anatembelewa, na anayekuja kumtazama haji mikono mitupu, hilo sote tumelelewa nalo. Wanaleta supu ya maini, supu ya kongoro, zote zimekolea chumvi. Siwezi kumwambia mtu mzima arudi na chungu chake. Kwa hiyo napokea, nashukuru, chungu nakirudisha na asali kidogo ndani kisiende kitupu, na supu wanakunywa vijana wanaonipakulia mzigo. Watu wameona chungu kinaingia kimejaa na Mama hanenepi. Wamepiga hesabu yao. Mimi ndiye niliyenenepa, kwa hiyo jibu wamelipata.

Damu ni kweli imepungua. Ni saba nukta nane, na mwanamke hatakiwi kushuka chini ya kumi na mbili. Nimempa vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu, haikupanda hata nukta. Kwa nini, sijui. Mwisho wa mwezi anapimwa upya.

Nilianza na ndoo moja ya asali juu ya baiskeli ya kuazima, na hakuna aliyeniitia kikao anisaidie kuisukuma. Leo mnakaa kikao juu yangu. Njoo basi mwenyewe, ukae na Mama japo wiki moja. Babu zetu walitoka hapa na mzigo begani wakafika Ujiji kwa miguu. Wewe una treni, unakaa kwenye kiti.

Mdogo wako,
Tunu


Ujiji, 16 Februari 2025

Kwa Tunu,

Marahaba. Barua yako imefika kwa mkono wa Shaban wa basi. Sisi wazima, dagaa si haba. Majidi ndiye anayeshinda ghalani siku hizi, mimi namsimamia nikiwa nyumbani.

Naona bado unaandika kama unavyosema, ukimchoma mtu kila baada ya nukta. Mimi ni mkubwa wako. Siwezi kusikia kwamba mama yangu mzazi anapimiwa maji kwa chupa halafu nikae kimya. Mama alizaa watoto sita, akatulea wanne waliobaki kwa kutwanga mahindi ya watu, na hakuishiwa damu. Aje aishiwe leo, ukiwa na duka na friji mbili? Damu inatoka kwenye chakula. Hilo hata mtoto wa chekechea anaimbishwa.

Na hiyo mizani. Umempandisha mama yetu mahali pa kuwekea ndoo! Shangazi aliponieleza niliisukuma sahani pembeni.

Nimetuma gunia dogo la dagaa, na wale samaki anaowapenda, migebuka ya chumvi, pamoja na rozela kavu ya kuchemshia juisi. Nimempelekea Shangazi Yasmini, si wewe, kwa sababu kwako najua vitaishia kwa wapakuzi. Yeye atampikia.

Kuhusu kuja, mizigo ni mingi kipindi hiki. Na tiketi za treni ni shida. Kikao kiko palepale.

Msalimie Mama. Mwambie mwanawe wa kwanza anamuwazia.

Mimi kaka yako,
Mfaume


Tabora, 5 Machi 2025

Kaka Mfaume,

Shikamoo, na mfungo uwe mwema kwako na nyumba yako. Mimi nafungulia kwenye benchi la hospitali, kwa tende na chai ya kununua.

Siandiki kukulaumu.

Hapana, nimefuta hilo. Naandika kukulaumu.

Shangazi Yasmini alikuwa anakuja nikiwa dukani, chungu kaficha ndani ya baibui. Mchuzi wa migebuka asubuhi, jioni juisi ya rozela jagi zima. Mama anakunywa na kufuta mdomo, na chupa yangu inabaki imejaa pembeni ya kitanda. Mimi mjinga nafurahi, nasema leo mgonjwa amenisikia. Mizani ndiyo iliyoniambia. Hamsini na nane, hamsini na tisa na nusu, sitini na moja. Nikadhani mizani imeharibika. Nikaweka ndoo ninayoijua uzito wake, mizani ikasema kweli. Siku ilipogonga sitini na nne Mama alikuwa hawezi kulala chini, amekaa kitandani ameshika magoti, anavuta pumzi kama anayenyonya kitu kwa mrija ulioziba.

Tulimpeleka kwa bajaji. Njiani ananiambia, “Usimgombeze wifi yangu. Kiu si uongo, Tunu.”

Kaka, sentensi hiyo inanikaa kifuani. Kumbe wageni walipokuwa wakimuuliza anataka nini, alisema kweli: maji. Angesema nini? Ana kiu. Ana kiu kila saa, na mimi ndiye niliyeshika chupa. Sikuwahi kumuuliza ikoje hiyo kiu. Nilimuuliza kilo ngapi.

Wamemtundikia oksijeni na kumpa sindano za kutoa maji. Leo ameshuka hadi sitini na moja, amekula ndizi bila chumvi na kulalamika, kwa hiyo yu hai. Lakini damu imeshuka hadi saba nukta mbili. Migebuka yote ile, dagaa wote wale, na imeshuka. Wewe mwenye kuimbishwa chekechea nieleze hilo.

Shangazi alikuja jana. Alisimama mlangoni mwa wodi, akamwona wifi yake na mipira puani, akaanza kulia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtosha mwaka mzima. Nilimpa nusu ya benchi.

Kama hutakuja safari hii, sijui unangoja nini.

Tunu


Ujiji, 22 Machi 2025

Tunu mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Samahani kwa kuchelewa, nimekuwa na uchovu, nadhani ni mfungo. Sikuandikii marefu.

Migebuka ile niliichagua mimi mwenyewe, mmoja mmoja. Nilitaka alambe vidole. Basi.

Niambie mambo machache. Mama analala kwa mito mingapi? Usiku anaamka ghafla kukaa dirishani atafute hewa? Akiinama kufunga kamba za viatu anahema? Miguu ikibonyezwa kwa kidole inabaki shimo? Na huo uchovu, unaanzaje, unakuja polepole au kwa mara moja?

Nauliza tu.

Kikao sitawahi. Shangazi ataongoza.

Mfaume


Tabora, 10 Aprili 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Idi imepita salama. Mama yuko nyumbani, kilo hamsini na saba na nusu. Alivaa kitenge kipya akakaa barazani kwangu, akawakosoa waliopita: huyu kaolewa lini mbona kakonda, yule ushungi wake umekaa kama mfuko. Damu nane nukta sita.

Nina mambo mawili, na la pili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Lakini nitaanza na la kwanza kwa sababu bila hilo la pili hutalielewa.

Damu imepanda bila maini. Daktari Mahona alipima chuma cha mwilini kwa njia mbili, kilichohifadhiwa na kile kinachosafiri ndani ya damu. Kilichohifadhiwa kipo. Kinachosafiri ni kidogo sana. Akaniambia, “Chuma kimo, Mama Asali, ila hakitembei.” Nikamwambia nieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni. Akaniachia Sista Mektilda, binti mmoja wa Ulyankulu anayeongea taratibu kama anamwaga mafuta.

Sista akasema hivi. Mtu ambaye moyo na figo vimechoka, mwili wake unaishi kama una kidonda ndani, ingawa ukimtazama huoni kidonda. Kuna moto mdogo unawaka chini kwa chini, siku zote. Na mwili ukihisi moto huo unadhani umevamiwa na wadudu wa maradhi, na hao wadudu wanapenda chuma. Kwa hiyo unafanya nini? Unakificha. Unafunga ghala, unafunga hata mlango wa tumboni, vidonge vikishuka vinapita tu. Nikamwambia hilo nalijua. Mwaka ule walipovunja maduka mtaani kwetu, mlinzi wangu alifunga stoo akaondoka na ufunguo. Nilikuwa na asali ndoo sitini ndani na sikuweza kumuuzia mtu hata kijiko. Akacheka, akasema ndivyo hasa. Na juu ya hapo figo ndizo zinazotoa amri damu mpya itengenezwe. Zikichoka, hata amri haitoki.

Kwa hiyo wamempa chuma kwa dripu, moja kwa moja kwenye mshipa, kipite pembeni ya mlango uliofungwa, na sindano ya kufanya kazi ya ile amri. Na dawa za moyo na za maji zinaendelea. Hajapona, kaka. Sista hakunidanganya, na mimi sitakudanganya. Lakini ametoka kitandani hadi chooni bila kushika ukuta.

Kikao kilikaa kwa Shangazi. Watu kumi na wawili, na wewe mwitishaji hupo. Mjomba mmoja akaanza, “Tunu, inasemekana unamnyima mama yako maji.” Mama akanyoosha mkono anyamaze. Akasema:

“Hajaninyima. Amenipimia. Nanyi nyote hapa, mwaka ule wa njaa, mimi niliwapimia uji kwa kikombe, na hakuna aliyekufa.”

Halafu Shangazi Yasmini akasema, “Na mimi ndiye niliyempa ule mchuzi,” akaingia ndani kutengeneza chai. Kikao kikaisha hivyo. Mama anabaki kwangu. Shangazi sasa anakuja kila alasiri, anashika chupa, na ni mkali kuliko mimi.

Sasa la pili.

Uliniuliza kama Mama akifunga kamba za viatu anahema. Nimesoma mstari huo nikaurudia. Kaka, Mama hajavaa kiatu cha kamba tangu azaliwe. Kiatu cha kamba katika ukoo huu unavaa wewe, vile vyeusi vya ngozi ulivyonunua Kigoma, ambavyo hata msibani kwa Baba ulikataa kuvivua mpaka mlangoni.

Na hakuna mtu anayeuliza “tu” juu ya mito.

Nikaunganisha. Majidi ndiye anayeshinda ghalani. Mkono wako kwenye barua ya pili umelegea, herufi zinateremka mstari kama zimechoka kusimama. Uchovu, eti mfungo. Treni imejaa mwaka mzima. Nilidhani hutaki kuja. Nilikuandikia maneno ya babu na mzigo begani, na wewe pengine huwezi kutembea kutoka nyumbani hadi stesheni bila kusimama.

Maneno yale nayaondoa. Yachukulie hayakuandikwa.

Baba alikwenda na presha, tukasema amelala tu hakuamka. Mama ni huyu. Mimi nimepimwa wiki jana, yangu iko juu kidogo, nimeanza dawa. Wewe una miaka hamsini na sita na hujawahi kupimwa hata kwa bahati mbaya. Nenda. Usiende duka la dawa, nenda hospitali. Waambie wapime presha, figo, damu, na wakuangalie moyo kwa ile mashine ya picha. Waambie hivyohivyo, usione haya.

Usipojibu nitajua ni kiburi. Sitakukasirikia. Nitapanda treni.

Mdogo wako,
Tunu


Tabora, 6 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Hujajibu. Nimempigia wifi, akasema uko sawa, kwa sauti ya mtu ambaye mwenye nyumba amekaa karibu.

Hayo yote sikumwambia Mama. Lakini aliniona nimekaa na barua yako akaniuliza, “Mfaume ana nini?” Nikasema hana kitu. Akanitazama kama anavyonitazama ninapomwambia chupa haijaisha. Kesho yake ameniita, ameshika chupa moja ya dukani, tupu, ameiosha mwenyewe na kuifunga kwenye kanga yake. Alama ameichora kwa rangi yake ya kucha. Akasema, “Mpe Shaban ampelekee mwanangu. Kama hana kitu, aweke mafuta ya taa.”

Basi hiyo hapo. Alama hiyo ni ya Mama. Yako atakuwekea daktari wako. Tiketi yangu nimekata, ni ya tarehe 24. Naweza kuirudisha kama kuna sababu. Nipe sababu.

Tunu


Ujiji, 17 Mei 2025

Tunu,

Marahaba, mdogo wangu. Huku pepo zimeanza kukauka na usiku kuna baridi kidogo. Majidi amepata mchumba, nitakueleza siku nyingine. Wifi yako anakusalimu sana. Amekuwa akilia jikoni tangu Jumatatu, na kopo la chumvi amelificha, analiona mwenyewe tu.

Nilikwenda. Majidi alinibeba kwa pikipiki mpaka mlangoni, na hata hivyo nilikaa kwenye ngazi kabla ya kuingia. Presha sitakuandikia, utapiga kelele. Moyo umetanuka. Figo bado zinafanya kazi, lakini si zote kama zamani. Damu tisa nukta moja. Nilimwambia daktari mimi nauza dagaa, nakula dagaa asubuhi na jioni, damu itapunguaje? Kijana yule akaanza kunieleza. Nikamwambia asijisumbue, najua: ghala limefungwa, mlinzi kaondoka na ufunguo. Akauliza nimesoma wapi. Nikasema Tabora.

Viatu nimempa Majidi. Mguu hauingii tangu Desemba. Nilikuwa nalala kwenye kiti, nikamwambia mama Majidi ni joto. Niliposikia Mama anapimiwa maji nilikasirika kuliko ilivyostahili, na sasa najua ni kwa nini. Niliogopa kwamba kama yako ni kweli kwake, ni kweli kwangu. Ilikuwa rahisi zaidi wewe uwe mbaya.

Barua hii msomee Shangazi Yasmini na wote waliokaa kikao. Isome taratibu. Maneno mengi yaliyosemwa kule juu yako niliyasema mimi kwanza.

Usirudishe tiketi. Njoo. Si kwa sababu nakufa. Njoo unionyeshe namna ya kula ndizi bila chumvi na kubaki na adabu.

Leo asubuhi, kabla ya chai, nimepanda mizani ya ghalani, ile ya magunia. Wapakuzi walicheka, mmoja akauliza mzee anauzwa kilo bei gani. Nikamwambia asome namba afunge mdomo. Tisini na tatu na nusu. Kesho napanda tena.

Chupa ilifika salama ndani ya kanga. Daktari wangu aliniuliza nani ameweka alama ile nyekundu, akaitazama, akasema iacheni hapohapo, inatosha. Nimeijaza alfajiri. Sasa ni baada ya alasiri na yamebaki maji ya vidole viwili, na usiku bado uko mbali. Mwambie Mama kwamba ni kweli, kiu si uongo. Mwambie ninayo, na chupa nimeiweka mezani mbele yangu, hayo yaliyobaki sijayagusa.

Kaka yako,
Mfaume